Lahani za Bure na Sikukuu za Diani

Ukunda, mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Likoni kwenda Lungalunga, huhudumia sikukuu nyingi kuliko ukubwa wake, kwa kuwa pamoja na Idi, Maulidi, Krismasi na Mwaka Mpya za wenyeji, hoteli za Diani zilizo jirani yake huwa na wageni wanaokuja na sikukuu zao, na kila sikukuu hudai muziki. Mojawapo ya sikukuu hizo ni Siku ya Mtakatifu Patriki, mlinzi wa nchi ya Ayalandi, ambayo huangukia tarehe 17 Machi, wakati kaskazi inapoelekea ukingoni na masika hayajaanza. Msimamizi wa hoteli, mwenye baa au mwalimu wa shule anayetakiwa kuandaa muziki wa siku hiyo huambiwa kwa wepesi kwamba nyimbo za Kiayalandi ni za kale na kwa hiyo ni za bure. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyosalia ndiyo inayowatia watu hasara, kwa sababu wimbo mmoja unaweza kuwa huru kwa upande mmoja na kumilikiwa kwa upande mwingine.

Muziki unaoitwa wa Kikelti ni ule wa jamii za pembezoni mwa Ulaya ya magharibi ambazo lugha zake za asili zina nasaba moja, nazo ni za Ayalandi, Uskoti, Wales, kisiwa cha Man, Cornwall iliyo kusini-magharibi mwa Uingereza na Bretania iliyo Ufaransa. Jina hilo lilipata nguvu kutokana na wataalamu wa lugha na, baadaye, wafanyabiashara wa santuri na waandaaji wa matamasha, kama lile la mji wa Lorient huko Bretania lililoanza mwaka 1971. Mpiga fidla wa kijijini zamani angesema tu kwamba anapiga muziki wa kwao. Katika sherehe za Machi, muziki unaotakiwa zaidi ni wa Ayalandi, na sehemu yake kubwa ni muziki wa kuchezea usio na maneno, ambao hupigwa kwa fidla, filimbi ya bati, kodiani, zumari za mfuko na ngoma.

Mtu wa pwani ana sababu ya kuusikia muziki huo kama wa jirani. Aina moja ya mchezo wa Kiayalandi iitwayo jigi huhesabiwa kwa mapigo sita yanayogawanyika matatu matatu, na chakacha ya Waswahili nayo hutembea juu ya mapigo sita, hivyo kwamba mpiga ngoma wa chakacha anaposikia jigi hupata mahali pa kuweka mkono wake bila kuelekezwa sana, ingawa mkazo hauangukii mahali pamoja katika michezo yote miwili. Ngoma ya Kiayalandi, ambayo huandikwa bodhrán, ni duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja, umbo ambalo kila aliyehudhuria Maulidi analijua kwa jina la tari au dufu. Tofauti ni kwamba Waayalandi huipiga zaidi kwa kijiti kifupi chenye ncha mbili. Tena, ngoma hiyo ambayo leo huuzwa madukani Dublin kama alama ya ukale wa taifa iliingizwa katika muziki wa jukwaani miaka ya 1960 tu, kwa juhudi za mtunzi Seán Ó Riada na kundi lake, jambo linalofaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba mila za wenzake zilishuka zikiwa zimekamilika.

Ukaribu ulio mkubwa zaidi umo katika zumari. Katika sengenya, ngoma ya Wadigo ambayo huchanganya ngoma za ukubwa tofauti, upatu na njuga, lahani, yaani ule mpango wa sauti unaoutambulisha wimbo hata pasipo maneno, hushikwa na nzumari, chombo chenye matete mawili yanayotikisika pamoja mdomoni mwa mpigaji. Zumari za mfuko za Uskoti na za Ayalandi nazo zina bomba la lahani lenye matete mawili, na kazi ya mfuko ni kuhifadhi pumzi ili sauti isikatike, ambapo mpigaji wa pwani huifanya kazi hiyo hiyo kwa mashavu yake, akiyajaza hewa na kuisukuma nje huku akivuta nyingine puani. Zumari za Ayalandi hazipulizwi kwa mdomo kabisa, bali hupewa hewa kwa mivukuto inayokandamizwa kwa kiwiko, na mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Upigaji wa kinubi cha Kiayalandi ulifuata mwaka 2019.

Wala si mara ya kwanza kwa muziki wa pande hizo kufika Afrika Mashariki. Katika mashindano ya beni ya Mombasa, ngoma zilizoiga bendi na gwaride za majeshi ya Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na chama kilichojiita Skochi kwa kuwafuata Waskoti, kikishindana na kingine kilichoitwa Kingi. Mwomboko wa Wakikuyu, unaochezwa kwa kodiani, huelezwa kuwa umebeba hatua za michezo ya Kiskoti na ya waltz iliyoonekana enzi za ukoloni. Masista wa Loreto, wa shirika lililotoka Ayalandi, walifika Kenya mwaka 1921, na mabradha wa shirika la Mtakatifu Patriki, nao wa kutoka Ayalandi, ndio walioiendesha shule mashuhuri ya Iten yenye jina la mtakatifu huyo.

Ili kujua kipi ni cha bure, ni lazima wimbo ugawanywe katika mali tatu. Mali ya kwanza ni lahani. Ya pili ni maneno. Ya tatu ni rekodi, yaani sauti ya mtu fulani aliyepiga au kuimba siku fulani na sauti hiyo ikanaswa. Kila moja inaweza kuwa na mwenyewe, na kila moja ina muda wake wa kulindwa na hakimiliki, ambayo ni haki ya mtunzi au mrekodi kuamua nani atumie kazi yake na kwa malipo gani. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, lahani na maneno hulindwa katika uhai wa mtunzi na kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, na ikiwa watunzi ni zaidi ya mmoja walioshirikiana, hesabu huanzia kwa aliyekufa mwisho. Rekodi hulindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Muda ukiisha, kazi huingia katika milki ya umma, na hapo hakuna anayepaswa kuombwa ruhusa wala kulipwa.

Lahani za Kiayalandi zimo katika milki ya umma kwa wingi wa ajabu, na wingi huo haukuja kwa bahati. Ulitokana na watu walioziandika. Mwaka 1792 wapiga vinubi kumi wa Kiayalandi na mmoja wa Wales walikusanywa Belfast, mmoja wao akiwa na umri unaokaribia miaka mia, na kijana wa miaka 19, Edward Bunting, mpiga kinanda cha kanisani, akaajiriwa kuandika kila walichopiga. Vitabu vyake vilitoka mwaka 1796, 1809 na 1840, na kutokana na kazi hiyo zimehifadhiwa nyingi kati ya lahani za Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyefariki mwaka 1738 baada ya kuzunguka majumba ya matajiri akiwatungia nyimbo waliompa malazi.

Mkusanyaji mkubwa kuliko wote, hata hivyo, alikuwa polisi. Francis O'Neill, aliyezaliwa wilaya ya Cork mwaka 1848, wakati wa njaa kuu iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine wengi kwenda Marekani, aliondoka kwao kijana na kuwa baharia, akaishia Chicago, ambako alipanda ngazi za jeshi la polisi hadi kuwa mkuu wake kuanzia mwaka 1901 hadi 1905. Mji huo ulikuwa umejaa wahamiaji kutoka kila kona ya Ayalandi, kila mmoja akiwa na lahani za kijiji chake kichwani, na O'Neill, ambaye alizijua nyingi kwa kusikia lakini hakuwa mwepesi wa kuziandika kwa noti, alimtegemea polisi mwenzake, James O'Neill, aziandike. Kitabu chao cha mwaka 1903 kilikuwa na lahani 1,850, na kile cha mwaka 1907, kilichohusu muziki wa kuchezea tu, kilikuwa na 1,001. Francis O'Neill alifariki mwaka 1936. Vitabu hivyo viwili vinaweza kupatikana leo bila malipo na kunakiliwa na yeyote, na mwalimu wa muziki wa Msambweni akivipata ana lahani za kutosha kwa sikukuu za umri wake wote.

Shida huanza pale wimbo mpya unapovaa nguo za wimbo wa kale. Lahani ya “Danny Boy” iliandikwa na Jane Ross wa Limavady na kuchapishwa mwaka 1855, na maneno yake yalitungwa na mwanasheria Mwingereza Frederic Weatherly, aliyefariki mwaka 1929, kwa hiyo wimbo wote sasa ni wa umma. “When Irish Eyes Are Smiling”, wimbo wa mwaka 1912 ambao wengi huuhesabu kuwa wa jadi, ulitungwa na watu watatu wa jukwaa la Marekani, na ingawa wawili kati yao walikufa kabla ya mwaka 1935, wa tatu, George Graff, aliishi hadi mwaka 1973, jambo lililoyafanya maneno aliyoshiriki kuyatunga yaendelee kulindwa Kenya hadi mwisho wa mwaka 2023. Tungo za Ó Riada, aliyefariki mwaka 1971, zimekuwa huru Kenya tangu mwisho wa mwaka 2021, lakini nchini kwao, ambako muda ni miaka 70, zitalindwa hadi mwisho wa mwaka 2041. Bendi ya Diani inayotaka kuzipiga ukumbini haina tatizo, lakini ikirekodi na kuuza Dublin italipata. Vilevile, mtu anapoichukua lahani ya kale na kuipanga upya kwa ustadi wake, ule mpango mpya ni mali yake, na anayeunakili kutoka kwenye rekodi yake hawezi kujitetea kwa kusema kwamba wimbo ulikuwa wa mababu.

Kwa Mwaka Mpya mambo ni mepesi zaidi. “Auld Lang Syne”, ambao huimbwa usiku wa manane katika nchi nyingi za dunia, ni wimbo wa Kiskoti ambao maneno yake yaliandikwa na mshairi Robert Burns, aliyefariki mwaka 1796, na lahani yake ni ya zamani, kwa hiyo yeyote mwenye sauti anaweza kuutumia.

Rekodi ndiyo mali inayosahaulika zaidi, kwa kuwa msimamizi wa sherehe mara nyingi hapigi muziki bali huufungulia kutoka kwenye simu au kompyuta. Lahani inaweza kuwa na miaka 300, lakini kama imerekodiwa na kundi la vijana wa Galway mwaka juzi, sauti ile ni yao. Rekodi zilizo huru kabisa, hata huko Marekani, ni za zamani sana: kwa sheria ya Marekani ya mwaka 2018, rekodi zilizotolewa huko kabla ya mwaka 1923 ziliingia katika milki ya umma tarehe 1 Januari 2022, na miongoni mwake zimo za mwanzo za Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyeanza kurekodi New York mwaka 1921 na ambaye mtindo wake ulirudi Ayalandi kwa santuri na kuwabadilisha wapigaji wa huko. Zina mikwaruzo, na sauti yake ni nyembamba kwa ukumbi wenye watu 200, lakini kwa kujifunzia hazina kifani.

Mfano unaogusa nyumba nyingi za Kenya ni ule wa Jim Reeves, mwimbaji wa Marekani wa muziki wa kantri, aina ambayo ilichota sana kutoka kwa fidla na tenzi za wahamiaji wa Uskoti na Ayalandi, na ambaye aliitembelea Ayalandi yenyewe mwaka 1963, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake katika ajali ya ndege. Albamu yake ya Krismasi ilitoka mwaka huo huo wa 1963, na bado husikika madukani na katika matatu kila Desemba. Kwa hesabu ya miaka 50 ya sheria ya Kenya, muda wa rekodi ile umekwisha. Ndani yake “Silent Night” ni huru pia kwa lahani, kwa sababu ilitungwa mwaka 1818, lakini “White Christmas” ni ya Irving Berlin, aliyefariki mwaka 1989, na itamilikiwa hadi mwisho wa mwaka 2039. Nyimbo mbili za albamu moja, zilizoimbwa na mtu mmoja, ziko katika hali mbili za kisheria.

Ipo pia njia ya kati. Tangu mwishoni mwa mwaka 2002, leseni za Creative Commons humwezesha mtunzi aliye hai kutangaza mapema kwamba kazi yake inaweza kutumiwa bila malipo kwa masharti aliyoyachagua, na watunzi kama Mmarekani Kevin MacLeod wametoa kwa njia hiyo vipande vyenye ladha ya Kikelti, sharti likiwa ni kumtaja. Leseni nyingine hukataza matumizi ya kibiashara, na hoteli inayotoza wageni kwa chakula cha sikukuu inafanya biashara hata kama muziki wenyewe hautozwi, hivyo sharti hilo linaihusu moja kwa moja.

Mahali pa umma panapopigwa muziki, iwe hoteli, baa, duka au gari la abiria, hutakiwa kuwa na leseni ya kulipia, na fedha zinazolipwa, zinazoitwa mirabaha, hukusanywa na mashirika yanayowawakilisha watunzi, wapigaji na watayarishaji, kama MCSK, KAMP na PRISK, chini ya usimamizi wa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Mashirika hayo yenyewe yamewahi kunyimwa au kufutiwa vibali, na kwa sababu hiyo ni busara kuuliza Bodi ni shirika gani lenye kibali mwaka husika kabla ya kutoa shilingi. Anayepiga lahani za milki ya umma pekee hadaiwi kwa lahani hizo. Lakini ni vyema awe na karatasi inayoonyesha jina la kila lahani, kitabu ilimotoka na mpigaji wake, kwa sababu mkaguzi anayeingia ukumbini husikia muziki tu, hasikii umri wake.

Hapo ndipo linapotokea swali ambalo wenyeji wa pwani hawana budi kuwarudishia wageni. Jioni nyingi hotelini Diani husikika “Jambo Bwana”, na mgeni huondoka akidhani ameimbiwa wimbo wa mababu, ilhali ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison wa bendi ya Them Mushrooms, na tayari mwaka 1983 Boney M walikuwa wameutoa kwa namna yao. Una mwenyewe kwa kila sheria. Sengenya kwa upande wake haina mtunzi anayejulikana, na kwa kipimo kilichozifanya lahani za O'Neill kuwa za bure ingekuwa nayo ya bure; ila Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi, ambayo huzitambua nyimbo na ngoma za jamii kuwa mali ya jamii yenyewe, na humtaka anayezitumia kwa biashara apate kwanza ridhaa yao. Kwa maana hiyo, mzalishaji wa filamu kutoka Ulaya anaweza kuichukua jigi ya Cork bila kumuuliza mtu, lakini hawezi kuichukua ngoma ya Wadigo kwa namna hiyo hiyo. Tofauti hiyo ni ya haki. Lahani za Ayalandi ziliandikwa na Waayalandi wenyewe, zikachapishwa kwa majina ya waliozipiga, na nchi yao ina hifadhi ya muziki wa jadi mjini Dublin tangu mwaka 1987. Muziki wa Wadigo haujapata O'Neill wake, na kuuita wa bure kabla haujaandikwa ni kuugawa kabla wenyewe hawajauhesabu.

Ushauri unaotokana na haya yote kwa hoteli za Diani hauna gharama kubwa. Badala ya kufungulia rekodi zisizojulikana zilikotoka, hoteli inayotaka kuwafurahisha wageni wa Ayalandi ichague jigi tatu au nne kutoka kitabu cha O'Neill cha mwaka 1907, impe mpiga nzumari wa Ukunda au Msambweni pamoja na wapiga ngoma wenzake azifanyie mazoezi tangu Februari, na ikubali kwamba si kila lahani itaingia, kwa kuwa matundu ya nzumari hayakutobolewa kwa kufuata kinanda cha Kizungu. Lahani hizo ni za bure, lakini wapigaji hawatakuwa wa bure, na ujira wao uandikwe katika mkataba kabla ya siku yenyewe.